Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Mwezi wa Juni ukifika, watu wa nyanda za juu hawahitaji kutazama kalenda. Asubuhi majani yana sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe. Majani ya viazi shambani yanaungua kwa baridi. Maji ya kunawa yanauma vidole. Watoto wanakwenda shule wamejikunyata. Huo ndio wakati wa kipupwe, na unaendelea mpaka mwezi wa Agosti.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. La kwanza, kwa nini jiko la mkaa linaua watu waliolala. La pili, namna ya kulala na joto bila jiko, tena kwa gharama ndogo. Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti nyumbani, maana huenda anayelala karibu na jiko ni yule ambaye hajajifunza kusoma.

1. BARIDI INATOKA WAPI?

Mahali pakiwa juu, baridi nayo huongezeka. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kama nyuzi 6. Uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, uko juu zaidi ya mita 2,600. Sasa basi, si ajabu mtu wa Dar es Salaam alale na shuka moja, na mtu wa Makete atafute mablanketi mawili usiku uleule.

Tena katika miezi ya Juni na Julai, jua liko upande wa kaskazini ya ikweta, na upepo wa baridi unatujia kutoka kusini. Usiku mbingu huwa nyeupe, hazina mawingu. Mawingu ni kama blanketi la dunia. Yasipokuwapo, joto la mchana linapanda juu na kupotea. Ndiyo maana sakitu huanguka usiku wa nyota nyingi.

Baridi hiyo hatuwezi kuizuia. Tunachoweza ni kuchagua namna ya kujikinga nayo.

2. NYUMBA IMEBADILIKA, DESTURI HAIKUBADILIKA

Tunapofundisha somo hili vijijini, mzee mmoja hakosi kuuliza: "Mbona babu zetu walilala na moto ndani ya nyumba na hawakufa?" Hilo ni swali zuri, na linastahili jibu.

Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa nyasi. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi. Hewa mbaya ilitoka kwa juu, na hewa safi ikaingia kwa chini. Tena moto ulikuwa wa kuni. Kuni zina moshi. Moshi unachoma macho na kukaba koo. Ukizidi, mtu anaamka, anakohoa, anafungua mlango. Hatusemi kwamba moshi ule ulikuwa mzuri. Uliwaumiza watu macho na vifua. Lakini ulikuwa unapiga kelele.

Sasa tumejenga nyumba za tofali za kuchoma. Tumeezeka bati, tumepiga plasta, tumeweka vioo madirishani na dari juu. Hayo ni maendeleo, na tunayafurahia. Lakini nyumba hiyo inafungika kabisa, na hewa haina pa kupitia. Halafu, ndani ya nyumba hiyo, tunaingiza jiko la mkaa, tunafunga mlango, tunalala.

Mkaa haupigi kelele. Makaa yakishawaka na kuwa mekundu, hayana moshi. Mtu anasema, "Sasa jiko limekuwa safi, liingizeni ndani." Kumbe hapo ndipo hatari ilipo.

3. HEWA ISIYO NA HARUFU

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu wanaiita kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, kwa hiyo huwezi kuiona. Haina harufu, kwa hiyo huwezi kuinusa. Haina ladha. Haichomi macho wala haikohozi.

Inauaje? Tutumie mfano wa basi. Damu yetu ni kama basi linalobeba abiria. Abiria wake ni oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoivuta. Basi linapakia oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Sasa kaboni monoksidi ikiingia mapafuni, inakimbilia viti vya basi. Nayo ina nguvu ya kushika kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishakaa haishuki upesi. Basi linaendelea kuzunguka mwilini, lakini limejaa abiria asiyefaa. Ubongo unakosa oksijeni. Mtu anachoka, anasinzia, anazimia, anakufa.

Aliyelala usingizini hupita kutoka usingizi wa kawaida mpaka usingizi wa kifo bila kuamka. Hata akiamka, mara nyingi miguu haina nguvu ya kumfikisha mlangoni.

Msidhani kwamba ni watu wasiosoma tu wasioweza kuitambua hewa hii. Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka shimoni na ndege mdogo ndani ya tundu. Ndege huyo anadhurika haraka kuliko mtu. Akilegea, wachimbaji walijua kuwa hewa ya sumu ipo, wakatoka mbio. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1986, walipopata mashine za kupimia. Ikiwa watu wa kazi hiyo hawakuweza kuamini pua zao, sisi je?

4. TUSISEME WAMEROGWA

Asubuhi majirani wanabisha hodi, hakuna jibu. Mlango umefungwa kwa ndani. Ukivunjwa, baba, mama na watoto wamelala kimya. Hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna kitu kilichoibiwa. Basi maneno yanaanza: "Hawa wamerogwa." Anatafutwa mtu wa kulaumiwa. Mara nyingi ni bibi kizee fulani mwenye macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote.

Jamani, kabla ya kunyoosha kidole, tutazame kwanza pembe za chumba. Pana jiko? Pana majivu? Madirisha yalifungwa? Aliyeua yumo mle ndani, na kila mtu anamfahamu.

5. DALILI ZAKE

Sumu ikiwa bado kidogo, mtu husikia mambo haya:

- kichwa kuuma
- kizunguzungu
- kichefuchefu au kutapika
- mwili kulegea, hasa miguu
- mawazo kuchanganyika
- usingizi mzito usio wa kawaida

Dalili hizi hufanana na za malaria au za kula chakula kibaya. Utazitofautishaje? Angalia mambo mawili. Kwanza, je, watu wote waliolala chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja? Pili, je, mnapata nafuu mkitoka nje, na kuumwa tena mkirudi ndani? Ikiwa ni hivyo, lishukuni jiko. Litoeni nje, fungueni milango, nendeni zahanati.

6. MANENO YA MITAANI NA UKWELI WAKE

"Weka beseni la maji chumbani, litavuta sumu." Si kweli. Maji hayavuti hewa hii.

"Acha dirisha wazi kidogo." Haitoshi. Watu wamekufa ingawa dirisha lilikuwa wazi kidogo. Tena usiku wa manane baridi ikizidi, mtu huamka na kulifunga.

"Funika makaa kwa majivu." Hatari iko palepale. Chini ya majivu makaa yanaendelea kuungua polepole na kutoa sumu.

"Makaa yakiwa mekundu bila moshi, sumu imekwisha." Si kweli. Moshi na sumu hii ni vitu viwili.

"Kunywa maziwa, yanaua sumu." Maziwa yanakwenda tumboni. Sumu hii iko kwenye damu. Mtu aliyelegea akinyweshwa maziwa anaweza kupaliwa na kufa.

"Pombe itakupa joto." Pombe inadanganya. Inaleta damu kwenye ngozi, ukasikia joto, kumbe joto la ndani ya mwili linatoka nje na kupotea. Mlevi aliyelala njiani usiku wa sakitu anaweza kufa kwa baridi huku akidhani kwamba amepashwa moto na ulanzi. Na mlevi aliyelala karibu na jiko haamki.

7. JOTO LIKO MWILINI, LIZUIE LISITOKE

Hapa ndipo kiini cha somo. Chukua blanketi, lifunike jiwe usiku kucha. Asubuhi jiwe litakuwa baridi vilevile. Kwa nini? Kwa sababu blanketi halitengenezi joto. Mwili ndio unaotengeneza joto, kutokana na chakula tunachokula. Blanketi linazuia joto hilo lisitoroke. Kwa hiyo kazi yetu usiku ni kuzuia joto letu lisitoroke.

Fanyeni hivi:

Chini kwanza. Baridi nyingi hutoka sakafuni, hasa sakafu ya saruji. Usilale chini moja kwa moja. Pata kitanda, hata cha miti na kamba. Asiye na godoro zuri ashone magunia safi na kuyajaza majani makavu au maganda makavu ya mahindi. Yaanikwe juani mara kwa mara, na yakianza kuoza yabadilishwe. Ukiwa na mablanketi mawili na huna godoro, moja lilalie, moja jifunike.

Nguo nyingi nyepesi. Nguo mbili nyepesi zinashinda moja nzito, kwa sababu kati yake pana hewa iliyonaswa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Vaa soksi na kofia. Sweta la mtumba lenye tundu likishonwa vizuri linafaa sana kulalia.

Nguo kavu. Nguo mbichi inanyonya joto la mwili. Usilale na nguo uliyotoka nayo shambani kwenye ukungu.

Jua ni bure. Asubuhi jua likitoka, anika mablanketi. Fungua madirisha mchana kutwa ili hewa ibadilike na jua liingie. Funga kabla jua halijazama, wakati nyumba bado ina joto.

Ziba nyufa. Kandika ukuta uliopasuka. Weka gunia lililokunjwa chini ya mlango. Pazia zito dirishani linasaidia. Lakini acha tundu dogo la hewa juu ya ukuta, maana watu wengi wakilala chumba kimoja kisicho na hewa huambukizana kikohozi na kifua kikuu. Hata tukiacha tundu hilo, jiko lisiingie.

Dari. Bati linapoa haraka usiku. Dari ya mikeka au ya mbao inazuia joto lisipande juu. Kibatari kikae mbali nayo.

Kula moto, ulale. Uji wa moto au ugali na maharage jioni ni kuni za mwili. Usilale na njaa wakati wa kipupwe.

Tofali au chupa. Pasha tofali kavu kando ya moto jikoni, lifunge kwa nguo nene, liweke kitandani upande wa miguu. Au tumia chupa imara ya maji ya moto, yasiyochemka, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa nguo. Usitumie mawe ya mtoni, kwa kuwa yenye maji ndani yanaweza kupasuka motoni. Kwa mtoto mchanga na mzee, pasha kitanda kwanza, halafu ondoa tofali au chupa kabla hawajalala, wasije wakaungua.

8. MZAZI, MTOTO NA MAMA MKWE

Sehemu nyingi za baridi kuna desturi ya kumwekea jiko mama aliyejifungua. Nia ni njema kabisa. Mtoto mchanga anapoa upesi, na ni lazima atunzwe. Lakini mama huyo na mtoto wake hushinda chumbani mchana na usiku, kwa hiyo wanaivuta sumu kuliko mtu mwingine yeyote. Mama mjamzito naye ana hatari kubwa, maana sumu humfikia mtoto tumboni.

Njia bora ni hii. Mtoto avalishwe kofia na soksi. Awekwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe blanketi. Pua na mdomo wa mtoto vibaki wazi. Hospitali nazo hutumia njia hii kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kifua cha mama kina joto la kutosha, tena halina sumu.

Tunajua jambo hili lina ugumu wake. Binti hawezi kumwamrisha mama mkwe wake. Mama mkwe akisema jiko liingie, litaingia. Kwa hiyo tunawaomba akina baba wazungumze na mama zao mapema, kabla mtoto hajazaliwa. Na tunawaomba akina mama wakubwa wenyewe walichukue somo hili. Wanaweza kusema, "Mwanangu, zamani tuliwasha moto kwa sababu nyumba ilipitisha hewa. Hii ya bati haipitishi. Nitakukandia maji ya moto, nitakupikia uji, lakini jiko libaki jikoni." Neno la mama mkwe lina uzito kuliko gazeti.

Na wafugaji wa vifaranga, sikilizeni. Vifaranga wanahitaji joto, na wengi wetu tunawawekea jiko. Basi vifaranga wawe na banda lao. Mtu asilale humo kuwalinda.

9. MAHALI PA MOTO

Hatusemi msiote moto. Kuota moto na kuzungumza jioni ni jambo zuri. Oteni nje, barazani, au katika jiko la nje lenye mlango na dirisha wazi. Washeni mkaa nje. Mkimaliza, jiko libaki nje. Kama mna chumba kimoja tu cha kupikia na kulala, pikeni mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha toeni jiko kabla ya kulala, na acheni hewa ibadilike kabla ya kufunga mlango.

Mkaa uliobaki usiuache uteketee bure. Uzime nje kwa kuunyunyizia maji. Uanike, kesho utauwasha tena.

Mtoto mdogo na mtu mwenye kifafa wasiachwe peke yao karibu na moto. Inueni mafiga au yawekeeni uzio. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni zahanati. Msimpake dawa ya meno, yai wala udongo.

10. UKIKUTA WATU WAMEZIMIA

Kwanza, piga kelele upate msaada. Pili, fungua milango na madirisha. Usikae ndani, maana mwokoaji naye huzimia. Vuta pumzi nje, ingia, mtoe mtu mmoja, toka upumue, rudi. Tatu, walaze kwenye hewa safi, ubavu ubavu, na legeza nguo zao. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni na anayejua kufanya hivyo. Nne, wapelekwe hospitali hata kama wamezinduka.

Kwa nini hospitali? Katika hewa ya kawaida, sumu hii huchukua kama saa 4 hadi 5 kupungua nusu tu. Oksijeni ya hospitali hupunguza muda huo ukawa kama saa moja na nusu. Mkifika, mwambieni mganga mapema: "Walilala na jiko la mkaa." Msimfiche kwa aibu. Maneno hayo matano yanaweza kuokoa maisha.

11. TUPIGE HESABU

Juni ina siku 30, Julai 31, Agosti 31. Jumla ni siku 92. Tuchukue mfano wa nyumba inayochoma mkaa wa shilingi 1,000 kila usiku ili kupasha chumba joto.

1,000 × 92 = 92,000

Shilingi 92,000 zimekuwa majivu, na mwakani zinaanza upya. Sasa wewe andika bei ya mkaa kijijini kwako badala ya 1,000. Kisha nenda gulioni uulize bei ya blanketi, sweta la mtumba na kofia. Je, fedha ile ingenunua vitu vingapi? Blanketi likitunzwa, utalifunika miaka mingi.

12. TUFANYE NINI PAMOJA?

Mwaka 1973 wazazi wetu walifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Halafu hawakuishia kwenye maneno. Waliinuka wakachimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kabla ya mwezi wa Juni, kila kikundi kipite kitongojini, kikague nyumba za wazee, za wajane na za wenye watoto wachanga. Nani hana blanketi? Ukuta wa nani umepasuka? Jiko la nani linalala ndani? Kukandika ukuta wa bibi mmoja ni kazi ya nusu siku kwa watu wanne.

Kumbukeni: baridi inakuamsha, lakini jiko la mkaa halikuamshi. Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, tazameni jiko liko wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini moto wa kuni katika nyumba ya nyasi haukuwa na hatari sawa na jiko la mkaa katika nyumba ya bati?
2. Taja dalili nne za sumu ya mkaa.
3. Blanketi halitengenezi joto. Sasa linatusaidiaje?
4. Jirani yako anasema beseni la maji linavuta sumu. Utamjibu nini bila kumvunjia heshima?
5. Je, kijijini kwenu ni nani wa kuzungumza na akina mama wakubwa juu ya jiko la mzazi? Mchagueni leo.